Mpapai Usiozaa na Kuku Aliyepotea

Nyuma ya nyumba nyingi za Kenya, tangu pwani hata vilima vya bara, pana mpapai mmoja au miwili. Mara nyingi hakuna aliyeupanda kwa makusudi. Mtoto alikula papai akatema mbegu, au maganda yalitupwa jaani pamoja na majivu, na mvua ya masika ilipokwisha kunyesha pakaonekana mche mdogo wenye majani yaliyochanika kama vidole vya mkono. Mwenye nyumba akauona, akaupenda, akauzungushia miiba ili mbuzi wasiule. Tangu siku hiyo mche ukawa mali yake, na hesabu zikaanza.

Mpapai haukawii kukua, na hiyo ndiyo hila yake ya kwanza. Katika miezi michache humpita mtu kwa urefu. Majirani wapitao njiani husimama wakausifu. Mama wa nyumba huanza kugawanya matunda yasiyokuwapo bado: haya ni ya watoto, haya yatakwenda sokoni kusaidia karo ya shule, na lile la kwanza kabisa, kwa heshima, litapelekwa kwa mama mkwe. Mumewe, ambaye huenda ni karani na hurudi nyumbani jioni tu, hupita kwanza nyuma ya nyumba kuutazama kabla ya kuvua viatu.

Hatimaye maua hutokeza. Badala ya kushikamana na shina, huning'inia kwa vikonyo virefu vyenye matawi, nayo ni mengi mno, meupe yenye umanjano kidogo, na jioni hunukia vizuri. Mgeni asiyejua husema, "Mwaka huu mtakula mpaka mchoke." Furaha hiyo hudumu juma moja au mawili, mpaka mzee mmoja wa jirani aje kuazima jembe, asimame uani, atazame juu na kutikisa kichwa.

"Huu ni dume, mwanangu," asema mzee. "Hautazaa."

"Baba watoto," mke auliza usiku ule, "si ulisema mwezi wa Desemba tutauza?" Baba watoto hana jibu. Asubuhi huonekana akilinoa panga.

Jambo hili huwapata watu wengi kila mwaka, na sababu yake ni wazi, ingawa wengi hawakupata kuelezwa. Mipapai si ya namna moja. Iko ya kiume, ambayo maua yake hutoa vumbi tu la kutungisha matunda. Iko ya kike, ambayo maua yake ni manene, hukaa karibu na shina, na chini yake mna kitu cha mviringo ambacho ndicho papai lenyewe likiwa changa. Na iko mipapai ambayo ua lake moja lina sehemu zote mbili. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza kwamba mpapai una kromosomu yake inayoamua jambo hili, mfano wa ile inayofanya mtoto wa binadamu awe mvulana au msichana, nayo ni changa sana ikilinganishwa na ile yetu. Lakini siri hiyo imefungwa ndani ya mbegu. Wako watu wanaochagua mbegu kwa rangi, wako wanaotazama mizizi ya mche kama imenyooka au imegawanyika. Hakuna hata njia moja kati ya hizo iliyothibitika. Mpaka siku ya maua, mpapai dume na mpapai jike ni ndugu wafananao kabisa.

Mbegu zikitoka katika papai la mpapai jike uliotungishwa na dume, nusu ya miche huwa madume na nusu majike. Basi mtu aliyeotesha mche mmoja tu nyuma ya nyumba yake amecheza bahati nasibu bila kujua. Hii ndiyo sababu mabwana shamba hushauri kupanda miche mitatu katika kila shimo, kungoja maua, kisha kukata madume na kuacha jike moja. Kwa hesabu hiyo, katika mashimo manane, ni moja tu ambalo kwa kawaida laweza kuwa na madume matatu matupu. Wengi huona ushauri huu kuwa ni kupoteza miche. Aliyengoja miezi minane akaambulia maua matupu haoni hivyo.

Iko njia nyingine. Mpapai ulio na maua yenye sehemu zote mbili hutoa matunda marefu, na mapapai ya mviringo hutoka kwenye mipapai jike. Mbegu za papai refu lililojitungisha lenyewe hazitoi madume: katika miche mitatu, miwili huwa ya namna ya mama yao na mmoja huwa jike. Mapapai madogo matamu yaitwayo Solo, ambayo mbegu yake ilienea kutoka Hawaii, ni ya jamii hiyo. Hata hivyo mipapai hiyo nayo ina vituko vyake. Joto likizidi, maua yake huweza kusahau sehemu ya kike na kuanguka bila kuzaa. Baridi ikizidi, matunda hutoka yamejikunja kama ngumi. Mkulima huulaumu udongo, kumbe mti unajibu hali ya hewa.

Hapana budi kutaja pia dawa ya msumari. Yasemwa huku na huku kwamba mpapai dume ukipigwa msumari shinani utaona haya na kuzaa. Wengine huukata kichwa, wengine huufunga jiwe. Ajabu ni kwamba mara chache mti huo huzaa kweli: matunda madogo marefu huonekana yakining'inia mwisho wa vikonyo, kama ndoo zilizoachwa kwenye kamba. Lakini mpapai dume huweza kufanya hivyo wenyewe, pasipo kuguswa na mtu. Aliyepiga msumari hutangaza ushindi wake kijiji kizima. Wale kumi waliopiga misumari bila kupata kitu hunyamaza. Hivyo sifa yote huenda kwa msumari.

Mboga nayo ina udanganyifu unaofanana na huo, ingawa wake ni wa siku chache tu. Mboga ya mboleo, yaani mboga iliyojiotea jaani, mara nyingi ni mmea wa malenge. Hutambaa mpaka ukutani, hutoa maua makubwa ya manjano, na asubuhi ya pili maua hayo yamelala chini yamenyauka. Mama wa nyumba husema mmea una laana, au udongo una majivu mengi. Angetazama kwa makini angeona kwamba maua ya kwanza ya malenge kwa kawaida ni ya kiume, membamba, yenye kikonyo kirefu. Ya kike hufuata baadaye, na kila moja hubeba kilenge kidogo nyuma yake tangu siku linapochanua. Ua la kike hufunguka asubuhi moja tu. Nyuki wasipofika asubuhi ile kwa sababu ya mvua, kilenge hugeuka manjano na kuanguka. Wakati huo wa kungoja majani huchumwa na kupikwa, kwa hiyo hasara si kubwa.

Lakini habari za kuku ni nzito zaidi, maana kuku huweza kugombanisha nyumba mbili.

Siku moja tetea hakurudi jioni. Watoto hutumwa kumtafuta na taa. Kwanza analaumiwa mwewe, halafu kicheche, siku ya tatu, maneno huanza kupita juu ya ua kwamba nyumba fulani ilinukia mchuzi siku ya Jumamosi. Mama wa nyumba hii hamsalimu mama wa nyumba ile kisimani, au humsalimu kwa kifupi, bila kuuliza hali ya watoto. Majuma yakapita. Kisha asubuhi moja, kabla jua halijapanda, sauti ya tetea yasikika karibu na mlango wa jiko, naye huyo anakuja kutoka kichakani, amekonda, manyoya yamemsimama, na nyuma yake vifaranga tisa.

Furaha ya asubuhi hiyo haisemeki, ila ina uchungu kidogo ndani yake, kwa kuwa sasa lazima mtu afikirie namna ya kurudisha salamu kisimani. Wengine hupeleka unga. Wengine hungoja siku kadhaa, kisha hupeleka habari tu kwa njia ya watoto: "Mama asema yule kuku amerudi." Jirani mwenye akili haulizi zaidi.

Alichofanya tetea huyo kichakani ni kazi ya hesabu. Alikuwa akitaga yai moja siku kwa siku, huku akiruka siku moja moja, bila kuyaatamia. Yai lisilopata joto la mama hukaa kimya; uhai ulio ndani hungoja. Yalipotimia kumi hivi, ndipo alipoketi. Kwa hiyo lile la kwanza na lile la mwisho yote yalianza safari siku moja, na baada ya siku 21 vifaranga vikatoka pamoja. Angaliatamia kila yai tangu siku ya kwanza, vifaranga vingetoka kimoja leo na kimoja kesho, na mama asingejua awafuate walio nje au awangojee walio ndani.

Sasa mwangalie kuku aliyetunzwa. Mwenye nyumba amemtengenezea kikapu chenye nyasi laini, amemwekea mayai kumi na mawili mazuri makubwa, ameandika tarehe ukutani kwa makaa. Siku ya 21 hutoka vifaranga vitatu. Siku ya 23, kimoja zaidi. Yaliyosalia yakivunjwa hunuka. Mara nyingi kosa lilitendeka kabla kuku hajaketi. Mayai ya dukani hutoka kwa kuku wanaofugwa pasipo jogoo, nayo hayawezi kuangua hata yakiatamiwa mwaka mzima. Mayai ya nyumbani yaliyokaa zaidi ya siku kumi hivi hupungukiwa na nguvu, hasa yakiwekwa karibu na moto. Yaliyooshwa kwa maji huondolewa ule utando mwembamba unaozuia wadudu wa ugonjwa kupenya ganda. Siku ya saba, mtu akilishika yai usiku mbele ya mwanga wa tochi, ataona mishipa myekundu imetanda kama mizizi ikiwa kuna kifaranga. Lisilo na kitu hung'aa tupu. Ni afadhali kujua siku ya saba kuliko siku ya 21.

Kosa jingine ni la tamaa. Mtu humwekea kuku mayai yake na ya bata kwa siku moja. Bata hawa wa kwetu wenye nyama nyekundu usoni huangua kwa siku 35 hivi. Kuku aonapo vifaranga vyake vimetoka, huinuka akaenda navyo kutafuta chakula, na mayai ya bata hubaki yakipoa yakiwa yamesaliwa na majuma mawili. Anayetaka bata na ampe kuku mayai ya bata peke yake, kisha ajiandae kumwona mama huyo akihangaika ukingoni mwa dimbwi siku watoto wake watakapoingia majini.

Baada ya hapo mwewe hudai fungu lake. Wako watu wanaovipaka vifaranga rangi ya zambarau ili mwewe asivitambue kuwa ni chakula. Mtu apitaye njiani kwa mara ya kwanza hudhani ameona ndege wa nchi nyingine.

Iko asubuhi nyingine ambayo si ya kuchekesha. Mlango wa banda hufunguliwa na kuku hawatoki. Wachache wamesimama wamejikunyata, shingo zimepinda, kinyesi chao ni cha kijani. Waliobaki wamelala wamekufa. Huo mara nyingi ni ugonjwa wa Newcastle, ambao Watanzania huuita mdondo au kideri. Jina lake latoka katika mji mmoja wa Uingereza, ambako ulitambuliwa kati ya miaka ya 1926 na 1927. Ulikwisha kuonekana pia katika kisiwa cha Java. Hauna dawa. Majivu, pilipili na mwarobaini, ambavyo watu huvitia katika maji ya kuku, havijapata kuuponya. Lakini chanjo iko, nayo ni rahisi: tone moja jichoni mwa kila kuku, tena baada ya miezi mitatu au minne. Zamani shida kubwa ilikuwa kwamba chanjo huharibika ikipata joto, na vijiji vingi havina barafu. Wataalamu wa Australia wakatengeneza namna iitwayo I-2 inayostahimili joto zaidi, ikaanza kutumiwa katika vijiji vya Afrika na Asia. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko walio katika boma moja, kwa hiyo nyumba kadhaa hupatana kuinunua pamoja siku moja. Hapo salamu za kisimani huwa na faida ya fedha.

Si kila mti unaokataa kufuata mipango hustahili panga. Makarani wa posta watapenda kusikia habari za mwenzao mmoja wa California, Marekani, aliyeitwa Rudolph Hass. Alikuwa akisambaza barua mjini Pasadena, na katika miaka ya 1920 alinunua shamba dogo kwa kuazima fedha, akaotesha mbegu za maparachichi. Nia yake haikuwa kuvuna matunda ya miche hiyo. Mparachichi uliotoka katika mbegu haufuati mama yake, na huweza kungojwa miaka mingi kabla haujazaa. Kwa hiyo wakulima huotesha mbegu ili wapate shina tu, kisha hupandikiza juu yake kijiti cha mti unaojulikana. Kijiti alichokitaka Hass kilikuwa cha aina ya Fuerte, ambayo wakati huo ndiyo iliyosifiwa sokoni.

Mche mmoja ulikataa. Kila kijiti kilichopandikizwa juu yake kilikufa. Hass akakusudia kuukata. Fundi aliyemsaidia kazi ya kupandikiza akamwambia mche wenyewe una nguvu, auache tu aone. Akauacha. Ulipozaa, matunda yake yalikuwa na ganda gumu lenye vipele, na yalipoiva yaligeuka meusi, wakati wanunuzi walikuwa wamezoea parachichi la kijani lenye ganda laini. Yasimuliwa kwamba watoto wake ndio waliokuwa wa kwanza kuyapenda. Mwaka 1935 aliandikisha mti huo serikalini kuwa ni wake. Mapato yake yote kutokana na haki hiyo yasemekana kuwa dola 5,000 hivi, kwa sababu wengi walinunua mche mmoja wakakata vijiti vya kupandikiza wao wenyewe na vya kuwagawia jirani zao. Hass aliendelea kupeleka barua. Alifariki mwaka 1952. Mti wenyewe uliishi mpaka mwaka 2002, ulipokatwa baada ya kuoza mizizi. Kila mparachichi wa Hass ulioko Murang'a, Kisii au Meru, ambao matunda yake husafirishwa Ulaya kwa meli kutoka Mombasa, ni kijiti cha kijiti cha mti ule uliokataa.

Yafaa lakini kusema ukweli: kwa kila mche wa namna hiyo, iko maelfu iliyozaa maparachichi yenye nyuzi na maji, au isiyozaa kabisa. Mwenye shamba aliyeotesha mbegu akitarajia kuwa Hass wa pili atafanya vizuri kununua pia miche michache iliyokwisha kupandikizwa.

Tukirudi nyuma ya nyumba, panga limekwisha kunolewa na mpapai dume bado umesimama. Jioni, mwanga unapofifia, hutokea wadudu wakubwa wenye mabawa yaendayo mbio hata hayaonekani, wakisimama hewani mbele ya ua moja kisha jingine. Hao ni nondo. Uchunguzi kuhusu mipapai ya Kenya uliotangazwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nondo wa jamii hii ndio wachukuzi wakubwa wa vumbi la maua kutoka mpapai dume kwenda mpapai jike, na kwamba ukaribu na hali ya msitu au kichaka cha asili vina athari juu ya kazi yao. Baadhi yao walipokuwa wadogo walikuwa ndio wale viwavi wanene, wenye pembe mkiani, ambao akina mama huwaponda kwenye majani ya viazi vitamu. Nondo huyo hajui mpaka wa shamba. Hunywa utamu wa ua la dume upande huu wa ua wa miti, akavuka, akagusa ua la jike upande wa pili.

Na upande wa pili, kwa yule mzee aliyekuja kuazima jembe, iko mipapai minne, yote majike. Yeye alikata madume yake yote zamani, bila kubakiza hata mmoja, na tangu hapo alivuna kidogo akasema ni uzee wa miti. Mabwana shamba husema liachwe dume moja kwa majike kumi au zaidi kidogo. Mzee hakuacha hata hilo moja. Mwaka huu matunda yamejipanga shinani mwa mipapai yake mpaka majani yamesukumwa juu.

Asubuhi ya Jumapili mjukuu wa mzee huonekana akipita kwenye pengo la ua, amebeba mapapai mawili kichwani katika ungo, na jembe begani. "Babu asema asante kwa jembe," asema mtoto, "na asema ule mti msiukate kwanza."

Lile kubwa zaidi lilipelekwa kwa mama mkwe siku ile ile.